Theluthi mbili ya nyumba iko chini: kuondoa magofu katika bustani za Nairobi

Gofu likiangushwa ndani ya bustani ya umma, picha hupigwa siku ukuta wa mwisho unapolala chini. Siku hiyo kazi haijafika hata nusu. Chukua nyumba ya kawaida, ya aina waliyojengewa walinzi na watunza bustani zamani: mita 10 kwa 8, kuta za mawe ya kuchongwa zenye unene wa sentimita 20, vyumba vitatu. Ukijumlisha kuta za nje na za ndani unapata urefu wa mita 52. Kuta hizo, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita za ujazo 24. Sasa hesabu kisichoonekana. Slabu ya zege ya sentimita 15 ni mita za ujazo 12. Mawe ya kujazia chini yake, yakiwa sentimita 30, ni 24. Msingi wa mawe unaoshuka sentimita 90 ni 9, na mkanda wa zege ambao msingi umeukalia, upana sentimita 60 na unene 20, ni 6. Jumla 51. Yaani theluthi mbili ya nyumba hiyo iko usawa wa nyayo kwenda chini, na ndiyo itakayoamua kama miti itaota au itadumaa.

Kwa uzito, mzigo wote ni takriban tani 150. Tipa la kubeba tani 15 litakwenda safari kumi. Mwenye kutoa bei ya kubomoa kwa kutazama kuta tu atakuwa amefilisika kabla ya kufika kwenye slabu, na mtu aliyefilisika katikati ya kazi hufukia kifusi palepale. Ujanja huo ni wa kale: shimo linachimbwa, mawe yanatumbukizwa, udongo mwekundu wa sentimita kumi unapakwa juu kama siagi kwenye mkate, na eneo linakabidhiwa likiwa linapendeza. Kiangazi cha kwanza hufichua kila kitu.

Kabla ya kugusa jiwe, amua unarudisha nini. Nairobi imekaa mpakani. Upande wa kaskazini na magharibi, kuanzia Arboretum na City Park kwenda Karura, udongo ni mwekundu, wa kina kirefu, unaopitisha maji, na mimea yake ya asili ni msitu mkavu wa nyanda za juu: mukinduri, muhuhu, mutamaiyu, muthiga, murarachi, mugumo. Upande wa kusini na mashariki, kuelekea Lang'ata na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, udongo ni mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka jua likiwaka, na asili yake ni nyasi zenye migunga iliyotawanyika. Kupanda miti mia mbili mahali palipokuwa uwanda wa nyasi ni kujenga kitu kingine kigeni juu ya kile ulichobomoa, hata kama miti yenyewe ni ya kienyeji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu sherehe za kupanda miti zina mvuto, ilhali hakuna anayealika wageni waje kupanda nyasi.

Njia rahisi ya kujua palikuwaje ni kuchimba. Toboa mashimo manne au matano ya kina cha mita moja, mengine karibu na nyumba, mengine mita ishirini mbali. Kwenye udongo usioguswa utaona tabaka la juu la rangi iliyokolea, lenye mizizi myembamba, kisha rangi inabadilika polepole. Karibu na nyumba, tabaka hilo mara nyingi limefukiwa: juu kuna moramu, vipande vya vigae na chupa, chini yake ndiyo ardhi ya zamani. Pima kina cha tabaka hilo kila shimo na uandike. Nyumba za mteremkoni zilijengwa kwa kukata upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini ili kupata uwanja tambarare, na vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha mstari wa mteremko wa kwanza. Kazi ya mwisho itakuwa kuvuta udongo uliomwagwa chini na kuurudisha kwenye mkato.

Vibali vinachosha, lakini vina mpangilio. Kaunti ya Jiji hutoa kibali cha kubomoa. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, husimamia tathmini ya mazingira na taka. Mahali penye msitu wa serikali, kama Karura na Arboretum, hakuna kinachofanyika bila Huduma ya Misitu ya Kenya. Jengo likiwa la enzi za ukoloni, waulize Makumbusho ya Taifa mapema, maana gofu lisilo na thamani machoni pako linaweza kuwa turathi. Stima ikatwe kwenye nguzo, si kwenye swichi kuu ya nyumba, na upate barua ya kuthibitisha. Hata ukiwa na barua, pima nyaya kwa testa: nyumba iliyokaa miaka bila mwenyewe mara nyingi imeunganishiwa stima ya sambaza kutoka mahali pengine, na waya huo haumo kwenye kumbukumbu zozote. Bomba la maji lizibwe kule linakotoka kwenye laini kubwa. Ukiliziba ukutani tu, mita thelathini za bomba kuukuu zitabaki ardhini zikivuja taratibu, na utashangaa kwa nini sehemu moja ya bustani ina matope Februari.

Kuna pia wanaolala humo. Nenda asubuhi na jioni kwa siku kadhaa kabla ya kazi, pamoja na mtu anayefahamika mtaani, useme tarehe waziwazi. Asubuhi ya kubomoa kila chumba kikaguliwe kwa miguu, dari pia, kabla mashine haijawashwa. Hili halina mjadala.

Wakazi wengine wana mabawa. Nyuki wakiwa darini, mwite mfugaji awahamishe jioni wakiwa wametulia. Moshi wa matairi na petroli huua nyuki na unaweza kuwateketeza watu pamoja na nyumba. Popo huonekana wakitoka dakika chache baada ya jua kuzama. Tundika wavu mwepesi kwenye tundu wanalotokea, ukiwa umefungwa juu na kulegea chini, ili watoke wasiweze kurudi, uache kwa wiki moja. Kama wana wachanga wasioruka, subiri. Bundi naye huhitaji maelewano na vibarua mapema, kwa sababu wengi humwona kuwa mkosi na watamrushia jiwe kabla hujafungua mdomo. Kiota kikiwa na makinda, chumba hicho kiachwe hadi yaruke.

Sasa paa. Ikiwa ni ya mabati ya kawaida, fungua misumari na uyashushe. Ikiwa ni ya asbestosi, simama hapo hapo. Bamba la asbestosi lina rangi ya kijivu, ni zito, lina mawimbi makubwa kuliko ya mabati, na likizeeka huota ukungu na kuvu juu. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaiweka asbestosi kwenye kundi la taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA. Hata hivyo msimamizi wa bustani anapaswa kujua kazi nzuri inafananaje, la sivyo atadanganywa.

Mabamba hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa mnyunyizo mwembamba, wala si kwa mpira wenye nguvu. Boliti hukatwa, bamba halivunjwi ili litoke. Kila bamba hushushwa zima kwa mikono, bila kutupwa wala kuburutwa. Chini hufungwa kwa nailoni nzito mara mbili, huzibwa kwa utepe wa gundi na kuandikwa maneno ya onyo. Wafanyakazi huvaa ovaroli ya kutupwa na barakoa ya kiwango cha P3. Ile ya kitambaa na ile ya buluu ya hospitali hazizuii nyuzi hizi. Ovaroli haiendi nyumbani kufuliwa. Hakuna kufagia kwa ufagio mkavu, hakuna kutoboa, hakuna grainda. Vipande vilivyoanguka chini miaka mingi iliyopita huokotwa pamoja na sentimita chache za udongo uliovizunguka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: paa linaondolewa vizuri, halafu vipande vya chini ya michirizi ya maji vinasahaulika na tingatinga linavisaga. Kumbuka kuwa asbestosi haiko kwenye paa peke yake. Tazama mabomba ya hewa ya choo, matangi ya zamani, mabamba ya dari na mabomba ya maji ya kijivu.

Mbao za paa na fremu za madirisha zilizopakwa rangi zamani zisichomwe, wala wasipewe watu wa kuni. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, na moshi wake huishia kwenye chakula. Mbao zisizo na rangi zina soko. Vyuma vya madirisha viende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni, na viende siku hiyo hiyo vinapotolewa, kwa sababu mlundo wa chuma ukilala bustanini usiku mmoja hukaribisha wageni, na wageni hao hurudi kung'oa chuma kilicho ndani ya linta, ule mhimili wa juu ya mlango au dirisha. Linta ikilegea, ukuta wa juu yake unabaki umening'inia kwa mazoea tu.

Kuta hushuka kwa mpangilio uliogeuzwa wa kuzijenga, kutoka juu kwenda chini, tabaka baada ya tabaka. Ule ukuta wa pembetatu uliokuwa ukishika paa ubavuni ndio hatari kuliko yote: paa likishaondoka hauna kitu cha kuushikilia, na upepo wa alasiri unatosha kuulaza. Usiruhusu paa litolewe saa tisa alasiri halafu watu waende nyumbani. Siku ya kutoa paa ni siku ya kushusha pembetatu hizo. Kosa la pili la hatari hutoka kwenye tamaa ya mawe. Jiwe la kuchongwa likitoka zima lina bei, na kibarua anayelipwa kwa jiwe atagundua haraka kuwa ukichimba tabaka la chini kabisa ukuta wote unashuka kwa mkupuo. Unashuka kweli, lakini hauchagui upande. Walipe watu kwa siku, na jiwe zima liwe faida ya mradi.

Chokaa au simiti dhaifu ya nyumba za zamani huachia jiwe kwa pigo moja au mawili ya nyundo. Ikiwa simiti imeshika kuliko jiwe lenyewe, usipoteze muda, hiyo ni kifusi. Mawe mazuri yatumike kwenye ngazi za njia, kingo za vijia au magabioni (vikapu vya waya vinavyojazwa mawe) ya mtoni, lakini yapangwe nje ya eneo unalorudisha.

Swali la mashine au mikono halina jibu moja. Tingatinga la tani 20 litamaliza nyumba hii kwa siku mbili, lakini linahitaji njia ya upana wa mita tatu na zaidi, litakata matawi, na kila linapopita udongo unashindiliwa hadi kina ambacho jembe halifiki. Mashine ndogo ya tani tano, yenye nyundo ya kupasua zege, pamoja na vibarua wanane, huchukua wiki mbili au zaidi na kuacha jeraha dogo. Ndani ya msitu ningechagua hiyo ndogo kila mara. Pembezoni mwa maegesho ya magari, leta kubwa. Vyovyote iwavyo, mashine iwe na njia moja tu ya kuingia na kutoka, iwekwe vigingi na kamba, na iwe ileile njia ya zamani ya gari ya nyumba hiyo, ambayo nayo utaing'oa mwishoni.

Miti iliyo karibu ilindwe kwa kipimo, si kwa huruma. Pima kipenyo cha shina kwa urefu wa kifua, uzidishe kwa 12, hapo unapata nusu kipenyo cha duara ambalo mashine haiingii. Shina la sentimita 50 linahitaji mita 6. Ndani ya duara hilo kazi ni ya mtaimbo na mikono. Mahali mugumo umeshakumbatia msingi, mizizi ikiwa imeingia kati ya mawe, acha msingi huo. Katika kazi nzima ni hapo tu mawe yana haki ya kubaki ardhini, kwa kuwa mti umeshayageuza kuwa mwamba wake.

Tufike kwenye slabu, ambako kazi huanza kuwa ya kweli. Slabu hupasuliwa vipande ambavyo watu wawili wanaweza kubeba. Waya wa BRC, ule wavu wa chuma uliomo ndani, hukatwa kwa mkasi wa chuma kila vipande vinapoachana, la sivyo utabaki na shuka la waya lenye mabonge ya zege ambalo tipa haliwezi kulibeba vizuri wala mnunuzi wa chuma halitaki. Chini ya slabu kuna nailoni nyeusi. Nyumba nyingi zinayo, na mara nyingi ndiyo husahaulika, kwa sababu vipande vya zege vikishaondoka huonekana kama uchafu tu na tingatinga huichanganya na udongo. Kipande cha nailoni cha mita moja kikibaki sentimita 30 chini ya ardhi, maji hutuama juu yake wakati wa mvua na mzizi hugeukia pembeni. Itolewe kwa mikono, kabla ya mawe ya kujazia kuguswa, ikikunjwa kama mkeka. Udongo wa juu ya mawe hayo huenda pia ulimwagiwa dawa ya mchwa wakati wa ujenzi. Aldrini na dieldrini zilitumika sana kwa kazi hiyo zamani na hudumu ardhini miongo mingi. Kwa hiyo moramu ya chini ya slabu ya zamani isitumike kujazia bustani. Iende na kifusi, na ikiwa nyumba iko karibu na mto, peleka sampuli maabara kabla ya kuitikisa.

Mawe ya kujazia na msingi hutoka pamoja. Kwenye udongo mwekundu msingi huwa wa kina cha chini ya mita moja na hutoka bila vita. Kwenye udongo mweusi, wajenzi wazuri waliuchimba udongo wote unaovimba na kujaza mawe na moramu badala yake, wakati mwingine mita moja au zaidi chini ya nyumba nzima. Hesabu yangu ya mwanzo haihusu nyumba kama hiyo. Ujazo wa chini unaweza kuwa mara tatu yake. Hapo mashimo ya majaribio ndiyo hukuokoa kabla hujatia saini bei.

Tangi la maji taka na shimo la kufyonza vina hesabu yake. Litafute tangi kwa kufuata bomba la choo, kwa kuwa kifuniko mara nyingi kiko chini ya majani na udongo, na zege lake limeoza kiasi cha kumeza mtu. Zungushia kamba siku ya kwanza ya mradi. Lita zote za ndani zivutwe na gari la maji taka lenye kibali. Hakuna mtu anayeingia ndani hata kama limeonekana kavu, maana hewa ya humo huua bila kutoa onyo. Ikiwa linang'oleka, ling'oe. Ikiwa liko chini ya mizizi ya mti, ondoa kifuniko, toboa sakafu yake kwa mashimo manne au zaidi ya upana wa ngumi ili maji yapite, vunja kuta sentimita 60 kutoka juu, kisha jaza udongo kwa tabaka za sentimita 30 huku ukikanyaga kwa miguu. Acha mgongo kidogo juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu udongo utashuka mvua ya kwanza.

Kuhusu mahali kifusi kinakoenda, uwe mkali kupita kawaida yako. Mabonde ya mito ya Nairobi yamejaa milundo iliyomwagwa usiku na malori yasiyojulikana. Kuondoa nyumba bustanini na kuimwaga kando ya Mto Mathare ni kuhamisha gofu, basi. Mkataba useme hivi: kila safari ina risiti mbili, moja ya kuondoka yenye namba ya gari na saa, nyingine ya mahali palipoidhinishwa kupokea taka, na malipo ni kwa risiti zilizokutana. Baki na asilimia 20 ya malipo hadi mashimo matano ya mita moja yachimbwe mahali utakapochagua wewe, baada ya mkandarasi kusema amemaliza. Anayejua kuwa mashimo hayo yanakuja hafukii kitu.

Sasa una kiraka kitupu, na watu wataanza kuuliza udongo wa kujaza utatoka wapi. Usinunue kabla ya kupima. Sakafu ya nyumba ilikuwa juu ya usawa wa ardhi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ulichotoa kilikuwa mlima, na shimo halilingani na kifusi kilichobebwa. Mitaro ya msingi ndiyo inahitaji kujazwa, na udongo wake mara nyingi uko pembeni, kwenye ule ukingo uliomwagwa wakati wa kujenga. Udongo unaouzwa mjini kama udongo wa bustani huja na vipande vya chupa, nailoni, na mbegu za kila gugu linaloota kati ya Thika na Limuru. Ukilazimika kununua, kautazame unakochimbwa.

Kushindilia ndilo tatizo la pili baada ya kifusi. Ardhi iliyokaa chini ya slabu na magurudumu imekazana kama barabara. Jaribu kwa fimbo ya chuma ya milimita 10: ukishindwa kuisukuma sentimita 30 kwa uzito wa mwili, mzizi wa mche hautafanya vizuri zaidi. Kwatua kwa jembe la meno au kwa ndoana ya mashine hadi sentimita 50, udongo ukiwa mkavu kiasi cha kumeguka. Udongo mweusi ukikwatuliwa mbichi hugeuka matofali, ndiyo sababu ratiba nzima hupangwa kinyumenyume kutoka kwenye mvua. Kubomoa ni Julai hadi Septemba, kukwatua na kusawazisha ni Septemba, kupanda ni vuli ikishaanza vizuri, Novemba. Au kubomoa Januari na Februari na kupanda Aprili, lakini muda huo ni mfinyu na mvua za masika zikitangulia kidogo utakuwa na tingatinga limezama.

Unga wa zege una madhara yake. Simiti hufanya udongo kuwa na chokaa nyingi, wakati miti ya msitu huu imezoea udongo wenye uchachu kidogo. Dalili ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Chukua kiganja cha udongo, mimina siki: ukisikia ukichemka na kuona mapovu, kuna simiti au chokaa. Ondoa sentimita chache za juu mahali ambapo mapovu ni mengi, hasa pale kifusi kilipolundikwa na zege lilipopasuliwa. Ndiyo maana milundo huwekwa juu ya turubai, jambo ambalo hugharimu kidogo na hukataliwa mara nyingi.

Halafu tandaza mboji iliyoiva ya sentimita 5. Kwa kiwanja cha nyumba pamoja na mita moja na nusu kila upande, yaani mita 13 kwa 11, hiyo ni mita za ujazo 7, ichanganywe na sentimita 20 za juu. Ongeza ndoo kadhaa za udongo wa juu kutoka msituni palepale, chini ya miti mikubwa, ukichota kidogo kidogo sehemu nyingi. Humo mna kuvu wa mizizi na mbegu ambazo hakuna nasari inayoziuza.

Upande wa msitu, nafasi ya mita 2 kwa 2 inahitaji miche kama 36 kwenye kiwanja hicho. Theluthi mbili iwe ya miti inayokua upesi na kuvumilia jua, kama mukinduri, muringa na muu. Iliyobaki iwe muhuhu, mutamaiyu, muthiga na muiri, ikipandwa karibu na hiyo ya kwanza ili ipate kivuli. Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha ikiwa ulikwatua. Ikiwa hukukwatua, shimo hilo ni chungu cha maua na mzizi utazunguka humo kama ng'ombe wa kinu. Matandazo ya sentimita 10, yasiguse shina. Upande wa nyasi, kata nyasi za asili zilizokomaa mbegu baada ya masika kwenye eneo jirani, zikaushe na uzitandaze juu ya udongo uliokwaruzwa kabla ya vuli. Mbegu zitaanguka zenyewe. Usipande nyasi ya kikuyu eti kwa kuwa inakuja haraka; itakuja, lakini haitaondoka.

Magugu hayakawii. Udongo uliofunguliwa huita lantana, na moramu iliyobaki huita gugu la parthenium, ambalo huwasha ngozi na hung'olewa kwa glavu kabla halijachanua. Palilia mara tatu katika mvua ya kwanza, kila baada ya wiki tatu au nne. Palizi moja kubwa mwishoni haitoshi, kwa sababu mbegu zitakuwa zimeshamwagika. Kiangazi cha kwanza, kila mche upate lita 10 kwa wiki, zimiminwe polepole.

Njia ya gari ndiyo ya mwisho kung'olewa, na ni rahisi kuisahau maana haifanani na jengo. Moramu yake itolewe, ikwatuliwe sentimita 50 kama sakafu ya nyumba, na mifereji iliyoambatana nayo ifungwe kwa vizuizi vya matawi na mawe kila mita 5 kwenye mteremko, kwani mfereji wa nyumba isiyokuwepo huendelea kubeba maji na kuchimba bonde. Watu nao huendelea kupita walikozoea. Uzio huwachokoza, lakini magogo mawili yaliyolazwa mwanzoni mwa kijia, na kijia kingine kilicho wazi mita chache pembeni, hufanya kazi vizuri zaidi.

Rudi Februari ya pili, kabla ya masika, ukwee mahali pa juu au urushe droni ikiwa una kibali. Ardhi ikiwa imekauka vya kutosha, ramani ya nyumba hujitokeza yenyewe: mistari ya nyasi zilizonyauka yenye pembe za mraba, mahali ambapo msingi uliachwa, na mabaka yaliyokauka mapema, mahali ambapo mawe au nailoni vilifukiwa. Weka vigingi kwenye kila mstari kabla mvua haijaificha, kisha chukua sururu uchimbe hapo.